Akiba ya Maziwa: Habari za Jibini Gumu katika Nchi ya Bagamoyo

Wahenga walisema akiba haiozi. Neno hili ni kweli kwa fedha, ni kweli kwa nafaka iliyokaushwa vema, na ni kweli zaidi kwa elimu. Lakini kwa maziwa si kweli hata kidogo. Maziwa yaliyokamwa alfajiri katika joto la pwani huanza kubadilika kabla jua halijafika utosini, wala hakuna kasha wala kufuli liwezalo kuyazuia. Kwa hiyo kila taifa lililofuga ng'ombe, mbuzi au kondoo lilikabiliwa na swali moja kubwa: yafanywe nini maziwa yaliyozidi mahitaji ya leo, ili yafae kesho na kesho kutwa? Majibu yalikuwa mengi. Wengine waliyagandisha yakawa mtindi. Wengine waliyasukasuka wakapata siagi, wakaichemsha ikawa samli. Na wengine waliyakamua maji, wakayatia chumvi, wakayalaza gizani miezi mingi hata yakawa magumu kama gogo. Jibu hili la mwisho ndilo jibini gumu.

Katika insha hii nakusudia kueleza jibini gumu ni kitu gani, kwa nini halikuzaliwa katika nchi ya Bagamoyo, na jinsi linavyonunuliwa, linavyokunwa na kuhifadhiwa nyumbani. Nimechagua Fukayosi kuwa kitovu cha maelezo yangu. Fukayosi iko bara ya mji wa Bagamoyo, kaskazini ya mto Ruvu, kando ya barabara iendayo Msata; na hapo njia ya nazi itokayo pwani na njia ya ng'ombe itokayo bara hukutana. Mtu mwepesi wa kuhukumu aweza kusema kwamba watu wa pwani hawakutengeneza jibini kwa sababu ya uvivu au upungufu wa maarifa. Historia haimuungi mkono mtu huyo, na msomaji atakayenivumilia ataona sababu zake.

Tuanze na jina. Neno jibini limetokana na Kiarabu, nalo lina umri mkubwa katika Kiswahili kuliko neno chizi, ambalo lilitoka katika Kiingereza. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1952 hawakuhitaji kubuni neno jipya walipofika katika habari za kijana Daudi aliyetumwa na baba yake kupeleka jibini kumi kwa mkuu wa jeshi. Neno lilikuwapo tayari, likingoja kutumiwa. Basi pwani ilikuwa na jina la kitu kabla ya kuwa na kitu chenyewe kwa wingi, kama vile mtu aweza kujua jina la mji ambao hajapata kuufikia.

Ufundi wa jibini gumu kwa ufupi ni huu. Maziwa hutiwa moto kiasi, kisha hutiwa chachu ya kugandisha ambayo asili yake hutoka katika tumbo la nne la ndama anyonyaye. Maziwa yakishika, bonge hukatwakatwa vipande vidogo. Na kwa jibini lililo gumu kabisa vipande hivyo hufanywa vidogo kama punje za ngano. Hupashwa moto tena ili maji yatoke, hukusanywa katika kitambaa, hugandamizwa katika umbo, hulazwa katika maji ya chumvi, kisha huwekwa katika rafu mahali penye ubaridi na kugeuzwa mara kwa mara. Kila hatua katika hizo ina shabaha moja, nayo ni kuyafukuza maji. Kijidudu kiharibucho chakula chahitaji maji kama mtu ahitajivyo hewa; penye chumvi nyingi na maji machache hakistawi.

Jibini la namna hii lililopata sifa kuliko yote ni lile la Parma na Reggio katika Italia. Inasimuliwa kwamba watawa wa Kibenedikto na wa Kisisteri ndio walioliendeleza katika karne ya 12, kwa sababu walikuwa na malisho mapana, ng'ombe wengi, chumvi karibu, na haja ya kuhifadhi maziwa kwa muda mrefu. Gurudumu moja la jibini hilo lina uzito wa kilo 40 hivi, na kulifanya kwahitaji lita 550 za maziwa au karibu nazo. Yaani kila kilo moja imemeza lita 14. Haliruhusiwi kuitwa kwa jina lake kabla ya kutimiza miezi 12, na mengi hungojewa miaka miwili au zaidi. Giovanni Boccaccio, mwandishi wa karne ya 14, alitia katika hadithi zake mlima mzima wa jibini la Parma lililokunwa. Mwaka 1666 London ilipowaka moto, Samuel Pepys, mtumishi mkubwa wa serikali ya Uingereza, alichimba shimo bustanini akafukia divai yake pamoja na jibini lake la Parma. Tena, tangu mwaka 1953 benki ya Credito Emiliano imekuwa ikipokea magurudumu ya jibini kuwa rehani ya mikopo, na kuyatunza katika maghala yake mpaka yakomae. Hapo ndipo tuonapo kwamba maziwa, yakishindwa kuoza, hugeuka kuwa mali kamili. Yaweza kuwekwa rehani, yaweza kurithiwa, na mwenyewe aweza kuyahofia moto kama ahofiavyo dhahabu yake.

Sasa turudi kwetu. Ng'ombe hawakuwa wageni katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pande hizi mara ya mwisho mwaka 916, aliandika kwamba watu wa nchi ya Zanji walipanda ng'ombe kama wengine wapandavyo farasi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Maziwa basi yalijulikana, yalipikwa, yaligandishwa na kuheshimiwa katika karamu za wakubwa. Lakini yalitumiwa yangali mabichi au mgando. Habari ya kuyafanya magumu kwa miaka haimo katika masimulizi hayo.

Sababu ya kwanza ni joto. Jibini gumu lataka chumba chenye ubaridi wa siku zote. Na pwani yetu, ambako hata usiku wa kusi hauna baridi ya kutosha, haina mapango ya theluji wala ghala za mawe zilizozama chini ya milima. Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni maradhi ya mifugo. Nchi iliyo kati ya Ruvu na Wami ina vichaka na misitu ipendwayo na ndorobo, mdudu ambaye David Bruce alithibitisha katika nchi ya Wazulu mwaka 1895 kwamba ndiye achukuaye ugonjwa wa nagana. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, farasi wake wawili walikufa safari ikiwa ingali changa, kabla msafara haujafika mbali na pwani. Kama mnyama wa mtu mwenye fedha na watumishi alikufa upesi hivyo, mkulima wa Kikwere au wa Kizaramo angewezaje kukusanya kundi la ng'ombe wa kumpa maziwa ya kuweka?

Juu ya ndorobo yaliongezeka mapigo mengine. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki mwaka 1890 na kuendelea, ikafagia ng'ombe wa Wamasai na majirani zao hata matajiri wakawa fukara. Miaka michache baadaye Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Kijerumani, alipofanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, aliona katika damu ya ng'ombe vijidudu vya ugonjwa mwingine uletwao na kupe. Yeye aliudhani kuwa homa iliyojulikana Marekani; lakini baada ya ugonjwa huo kuvuka hadi kusini mwa Afrika na kuua ng'ombe wengi, wataalamu waliutambua kuwa ni ugonjwa wa peke yake, wakauita kwa jina la pwani yetu ya mashariki. Wafugaji wetu huuita ndigana kali. Basi pwani hii, ambayo yadhaniwa kukosa jibini kwa uvivu wa watu wake, ilitoa jina lake kwa ugonjwa mmojawapo uliokuwa adui mkubwa wa ng'ombe barani Afrika. Hili peke yake latosha kuwa utetezi.

Tena yako mambo ya mwili wa binadamu. Watu wazima wengi duniani hawawezi kusaga tumboni sukari iliyomo katika maziwa mabichi. Uchunguzi uliotangazwa na Sarah Tishkoff na wenzake mwaka 2007, ambao ulihusu makabila ya Tanzania, Kenya na Sudani, ulionyesha kwamba wafugaji wa Afrika ya Mashariki walipata uwezo huo kwa njia yao wenyewe, mbali na ile ya watu wa Ulaya, katika kipindi cha miaka 7,000 iliyopita. Asiye wa ukoo wa wafugaji, akinywa maziwa mabichi na tumbo likamsumbua, hakukosea kuyaepuka. La ajabu ni kwamba jibini lililokomaa halina tena sukari hiyo ila chembe ndogo sana, kwa hiyo wengi wasiopatana na maziwa hupatana nalo.

Je, watu wa pwani walikaa bila akiba ya mafuta na bila kitoweo kizito? La, hasha. Walikuwa na mnazi. Katika nyumba ya mswahili mna mbuzi asiyelia wala asiyekula majani: ni kibao cha kukunjwa chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho mkunaji hukikalia akakuna nazi. Machicha hutiwa maji, hukamuliwa kwa kifumbu, likatoka tui zito la kwanza, kisha tui jepesi la pili. Kwa mbuzi huyo pwani ilipata maziwa yake bila kumwomba ndorobo ruhusa. Wala haikukosa elimu ya kufukuza maji. Nazi ikikaushwa huwa mbata, nayo hukaa muda mrefu na kusafirishwa mbali. Samaki akipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, huwa ng'onda. Mbata na ng'onda hufuata kanuni ile ile ya jibini la Parma: ondoa maji, tia chumvi au jua, shinda wakati.

Mafuta ya ng'ombe nayo yalipatikana kwa njia ya biashara. Majahazi ya Benadiri, ya Ghuba na ya Uhindi yalileta samli Unguja, ikapakuliwa katika mitungi na madebe, ikaingia katika pilau za karamu na halua za sikukuu. Samli ndiyo iliyokuwa akiba ya maziwa katika nchi za joto, kwa kuwa maji yake yote yamefukuzwa kwa moto na haihitaji pango wala barafu. Mpishi wa Bagamoyo aliyenunua samli hakuwa na haja ya jibini.

Wageni wa Ulaya walipoingia, hawakuibadili hali hiyo kwa watu wengi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda minazi kwa maelfu na kufungua mashamba. Wajerumani walihamisha makao ya serikali yao kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Jibini la kigeni likawa chakula cha meza za wageni, chenye bei ya kigeni, kikitazamwa na wengi na kuonjwa na wachache. Kitu kikizoeleka kuwa alama ya cheo, watu husahau kwamba asili yake ni akiba ya mchungaji.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na ng'ombe wenyewe. Katika karne ya 20 wafugaji wa Kiparakuyo, ambao wengi huwaita Wakwavi, walikaa katika sehemu nyingi za bara ya Bagamoyo; Peter Rigby, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1985. Wamasai na Wabarabaig wakafuata na makundi yao. Katika miaka ya 1970 Zanzibar ilianzisha ranchi kubwa upande wa Makurunge, jirani na Fukayosi, ikaitwa RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, kwa tumaini la kuvipatia visiwa nyama. Nayo haikudumu kupita miaka ya 1990. Wafugaji wadogo walidumu. Dawa za ndorobo, majosho, na chanjo ya ndigana iliyoanza kutumika Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990 zimeokoa ndama wengi ambao zamani wangekufa.

Basi leo Fukayosi ina kitu ambacho Bagamoyo ya Stanley haikuwa nacho: maziwa. Na mara ile swali la kale limerudi. Masika yakinyesha, majani huwa tele na viwele hujaa. Lakini njia za vichakani huwa tope, na mama anayebeba maziwa kwenda barabarani aweza kufika yamekwisha haribika. Kiangazi kikiingia, njia huwa kavu na kibuyu huwa kitupu. Katika boma la mfugaji maziwa ni mamlaka ya mwanamke: yeye hukama, yeye husafisha kibuyu kwa kijinga cha mti wenye harufu njema, yeye hugawa, na fedha ya maziwa huwa yake. Kwa hiyo maziwa yakimwagika, hasara ya kwanza haimwangukii mwenye ng'ombe bali mama wa nyumba na watoto wake. Tena, mahali ambapo mkulima na mfugaji wamegombana mara nyingi kwa sababu ya shamba na malisho, chakula ambacho mmoja hutengeneza na mwenziwe hununua si jambo dogo. Huwapa sababu ya kujuliana hali.

Je, ufundi huu wawezekana katika nchi zetu? Ushahidi upo. Katika milima ya Masisi, Kongo ya mashariki, ambako Kiswahili ni lugha ya soko, wafugaji wamekuwa wakitengeneza jibini la magurudumu madogo, ufundi walioupokea kwa mapadri wa Ulaya katika karne ya 20. Hulibeba hadi Goma, na kutoka Goma limekuwa likipelekwa hata Kinshasa. Vita vimewapora ng'ombe wao mara nyingi, na bado ufundi haukufa. Huko Njombe, katika nyanda za juu za Tanzania, shirika la Kiitalia CEFA lilisaidia kuanzisha kiwanda cha maziwa ya wafugaji wadogo kinachotengeneza jibini. Ni kweli kwamba Masisi na Njombe zina ubaridi na Fukayosi haina. Atakayejaribu Fukayosi atahitaji chumba cha baridi, na hesabu ya umeme aifanye kwanza. Tena sharti maziwa yapashwe moto vema kabla ya kugandishwa, maana maziwa mabichi yaweza kuchukua kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, na chumvi peke yake haitoshi kuwa tabibu.

Lakini kabla ya kutengeneza, mtu hujifunza kununua na kutunza. Nami nitaeleza hayo kwa ajili ya msomaji anayekutana na jibini gumu dukani Dar es Salaam au Bagamoyo. Nunua kipande kizima chenye ganda lake, wala usinunue unga uliokwisha kunwa. Unga huzeeka upesi, tena ni rahisi kuughushi: mwaka 2016 huko Marekani mahakama ilishughulika na watu waliouza unga wa jibini kwa jina la Parma ilhali haukuwa hilo. Tazama rangi, iwe sawa kutoka katikati hata karibu na ganda. Ganda likiwa nene na lililopasuka, jibini limekauka kupita kiasi. Nusa: harufu iwe ya njugu na maziwa yaliyopikwa, isiwe kali ya kuchoma pua. Nunua kidogo kidogo, kwa kadiri ya wiki chache, maana joto letu hulitoa jasho la mafuta.

Katika kukuna, mwanamke wa pwani hana haja ya mwalimu. Ajua kwamba nazi haikunwi leo ili itumike kesho, kwa kuwa ikikunwa hupata hewa pande zote na kuchacha. Jibini nalo ni vivyo hivyo, harufu yake huruka mara likikunwa. Likunwe wakati chakula kiko mezani, kwa kikunio cha bati chenye matundu madogo. Mbuzi ya nazi haifai hapa, maana meno yake ni makubwa na jibini si ubao wa kifuu wa kushikwa mkononi.

Katika kuhifadhi, kumbuka kwamba jibini ni kitu kinachopumua. Lifunge kwanza katika karatasi, kisha uliweke katika chombo chenye kifuniko, ndani ya friji, mahali pasipo na baridi kali. Mfuko wa plastiki peke yake hulifanya litoke jasho na kuota ukungu. Ukungu ukitokea juu ya jibini gumu, usilitupe: kata sehemu hiyo pamoja na upana wa vidole viwili kuizunguka, kisu kisiguse ukungu, na kilichobaki kitalika. Kilichokunwa kikabaki, kitie katika barafu. Na ganda usilitupe, bali lichemshe ndani ya supu ya maharage au ya mifupa, nalo litatoa utamu wake wa mwisho, kama chicha litoavyo tui la pili.

Tumeona basi kwamba jibini halikukosekana pwani kwa sababu ya uvivu. Lilikosekana kwa sababu ya mdudu, kupe, joto na maradhi, na kwa sababu watu walikwisha kupata njia yao wenyewe katika mnazi, samli na ng'onda. Nchi hulisha watu wake kwa kile ilicho nacho, na mwenye hekima huwahukumu kwa walivyotumia walichopewa. Leo nchi ya Fukayosi imepewa maziwa. Chumvi iko karibu, katika mabwawa ya pwani ya Nunge na Saadani, barabara ipo, na elimu ya kukuna, ya kukausha na ya kutunza imo mikononi mwa mama zetu tangu zamani. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini hawakusema kwamba hujiweka yenyewe.